Mshika Pindo la Koti

Mama yao alikuwa akisema kwamba mkubwa alizaliwa na mdomo na mdogo akazaliwa na mikono, na kwamba kama Mungu angewaunganisha angepata mtu mmoja wa maana. Mama alikwishafariki, lakini maneno yake hayajapata wa kuyapinga.

Walikuwa na karakana moja ya viti na makochi. Kaka alikaa mbele, kwenye meza yenye kalenda na ua la plastiki, akipokea wateja. Mdogo wake alikaa nyuma na mafundi, kwenye vumbi la mbao na harufu ya gundi. Kaka akialikwa harusini, anasema. Msibani, anasema. Kwenye mkutano wa wazazi wa darasa ambalo hana hata mtoto mmoja, anasimama na kusema kwa niaba ya wazazi. Na kila aliposimama, mdogo wake alikaa kwenye kiti cha nyuma yake, mkono umeshika pindo la koti.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake. Kuvuta kidogo kulimaanisha yanatosha. Kuvuta kwa nguvu kulimaanisha umeanza kurudia. Na Kaka akifika kwenye kisa cha jinsi alivyonunua mbao zake za kwanza akazifunga kwenye baiskeli ya kuazima, hapo hakukuwa na mjadala: mdogo alivuta kwa mikono yote miwili mpaka mtu akae, apende asipende. Watu wakamwita Breki. Fundi cherehani wao, mama mtu mzima aliyeitwa Shangazi ingawa hakuwa shangazi wa yeyote mle ndani, alikuwa ameshona upya nyuma ya makoti yote ya Kaka kwa uzi wa makochi, maana uzi wa kawaida haukufua dafu.

"Mimi ningekuwa yeye," Breki alimwambia mke wake kila waliporudi kutoka shughulini, "ningesimama, ningesema la kusema, ningekaa. Watu wana njaa, wana safari, wana watoto wadogo. Mtu mzima unawashikia nini?"

"Haya," mke wake alijibu, akivua viatu.

"Maneno manne yanatosha kabisa. Mengine yote ni kujisikia."

"Nimesikia, baba. Umeanza kurudia."

Basi manispaa ikajenga ukumbi mpya wa mikutano, ikatafuta mtu wa kutengeneza viti vya ukumbi mzima. Kazi ile haikuwa ya mchezo. Karakana ilikuwa imebaki na kazi za kushona mito na kubana miguu ya meza zinazocheza, na ndugu wale wawili walikwishakubaliana kwa huzuni kwamba kazi hii ikipita kando, chumba cha nyuma kitafungwa na mafundi watarudi makwao. Atakayewaambia alijulikana: Kaka angetaka kuwaambia kwa hotuba, kwa hiyo kazi hiyo angebaki nayo Breki.

Kamati ya manispaa iliweka utaratibu wake. Kila fundi alete viti vya mfano vya kutosha wajumbe wote, wajumbe wavikalie, na fundi asimame mbele yao awaeleze. Waliobaki kwenye mchujo walikuwa wawili tu: ndugu hawa na jirani yao wa ng'ambo ya barabara, mtu wa suti na manukato, ambaye mafundi walimwita Bwana Laini kwa sababu ya mikono yake na sauti yake.

Shida ya kwanza ilikuwa sponji. Kaka alitumwa dukani kuchukua sponji laini, ile ukikaa unazama mpaka unatabasamu. Akamkuta muuza duka ana msiba wa mjomba wake. Kaka akampa pole. Pole ile ikaanzia kwa marehemu, ikapitia maana ya maisha, na ilipokuwa inakaribia umuhimu wa umoja katika ukoo, Bwana Laini akaingia dukani, akalipia sponji laini zote zilizokuwepo, akatoka. Kaka akarudi na sponji ngumu.

Breki aliiminya kwa dole gumba. Ilikataa.

"Kaka, hii watu wataikaliaje? Hii ni ya magodoro ya wagonjwa wa mifupa."

"Ndiyo iliyokuwepo, mdogo wangu. Na wewe ungemwacha mfiwa bila neno?"

"Ningempa pole."

"Nimempa pole!"

Shangazi alicheka mpaka akatoa mguu kwenye kanyagio la cherehani.

Shida ya pili ikaja Jumamosi, kwenye harusi ya binti wa jirani. Kaka alikuwa katikati ya nasaha umeme ukakatika na kipaza sauti kikafa. Mtu mwingine angekaa. Kaka alipandisha sauti ili watu wa nyuma wasikose, kisha akaipandisha tena ili na waliokuwa jikoni wapate. Breki hakuwa nyuma yake. Alikuwa nje akihangaika na jenereta. Aliporudi na mikono ya mafuta, ukumbi una mwanga na kaka yake hana sauti. Alikuwa bado anasema, midomo inacheza, lakini kilichotoka kilikuwa kama mlio wa mlango unaofunguka taratibu.

Daktari alimkataza kutumia sauti juma zima. Na siku ya kamati ilikuwa katikati ya juma hilo.

"Utasema wewe," Kaka alinong'ona.

Breki hakuogopa hata kidogo. Kusema kweli, alijisikia kama mtu aliyesubiri miaka mingi dereva mbovu ateremke. Aliwakusanya mafundi akawaeleza mpango, nao ulikuwa mpango wenye akili. Sponji ni ngumu. Mtu akiikalia dakika chache anaweza kudhani ni uimara. Akikaa sana ataujua ukweli. Kwa hiyo dawa ni moja: waketi, aseme maneno yake manne, wasimame, waende zao kabla makalio hayajafika kwenye uamuzi.

"Maneno gani hayo manne?" Shangazi aliuliza.

"Viti hivi ni imara. Tunatengeneza wenyewe. Vikiharibika tunakuja. Ahsanteni."

"Hayo yanazidi manne, mwanangu."

"Ni mambo manne, Shangazi. Usinichanganye."

"Na nyuma yako atakaa nani?"

Mafundi wakacheka. Breki naye akacheka. "Nyuma yangu wa nini? Mimi nina breki zangu za ndani."

Lakini Kaka aliinua mkono, akajipiga kifua, akanong'ona kwamba nyuma atakaa yeye, kwa heshima ya familia. Breki akaona hakuna ubaya.

Siku ilipofika waliingia kwenye chumba cha mikutano cha manispaa, chumba chenye mapazia mazito na feni iliyozunguka bila kumpepea mtu. Kamati ilikuwa ya watu wachache, ikiongozwa na mama mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Kando yake alikuwa mhasibu, mtu mnene aliyekaa upandeupande, mkono mmoja umeshika kiuno. Watu wote pale manispaa waliujua mgongo wa mhasibu. Ulikuwa ukitajwa kwenye vikao kama mjumbe wa kudumu.

Bwana Laini alianza. Wajumbe wakakalia viti vyake, na ile sauti ya "aaah" ikapita kutoka kiti hadi kiti. Mhasibu alizama mpaka magoti yakapanda. Bwana Laini aliongea kwa sauti ya asali, akasema machache, akainama, akamaliza. Ilikuwa hotuba fupi na safi kuliko zote ambazo Breki alipata kuzisikia maishani, na ilimuuma, kwa sababu ilikuwa yake.

Viti vikabadilishwa. Wajumbe wakakalia vile vya ndugu. Hakuna aliyesema "aaah".

"Mmh," mhasibu alisema, akijipandisha na kujishusha. "Hiki kimekaza."

Breki alisimama. Nyuma yake Kaka alijiweka kwenye kiti cha ziada cha mfano, akashika pindo la shati la mdogo wake. Mambo yote manne yalikuwa tayari ulimini. Lakini lile neno la mhasibu lilikuwa limetua pale katikati ya chumba, na ingekuwa kukosa adabu kuliruka.

"Mheshimiwa," akasema, "kimekaza kweli. Sisi tuliogopa tukitengeneza kama kitanda, kikao kitageuka bweni."

Wakacheka. Wote. Hata mama mwenyekiti alivaa miwani ili amtazame vizuri.

Breki hakuwahi kuchekesha watu waliokaa wakimtazama yeye peke yake. Kicheko kile kilimwingia kama chai ya moto ndani ya mtu aliyelala kwenye baridi. Kikashuka tumboni, kikatulia, kikaomba kingine. Akaona si vibaya kuongeza kidogo, kwa kuwa wamefurahi. Akawaambia habari ya bwana harusi aliyekalia kiti cha kukodi kikamwachia mguu mbele ya wakwe. Wakacheka tena. Akaeleza mbao zinavyokaushwa, kwa nini msumari peke yake hautoshi, kwa nini gundi ya siku hizi si kama gundi ya zamani. Hapo hawakucheka, lakini walitikisa vichwa, na kutikiswa vichwa nako kulikuwa na utamu wake.

"Nikimalizia," akasema.

Alilisikia neno hilo likitoka. Alikuwa amelichukia tangu ujana. Lakini alikuwa na jambo moja tu la nyongeza, kuhusu maana ya kiti katika maisha ya binadamu: kwamba tunapokelewa duniani na mtu aliyekaa, tunafundishwa tukiwa tumekaa, tunaposwa tumekaa. Halikuwa jambo alilowahi kulifikiria. Lilimjia palepale, na likamgusa. Sauti yake ikatetemeka kidogo. Akalitaja tena, kwa wale ambao huenda hawakulipata.

"Kwa hayo machache," akasema, kisha akakumbuka hajamtaja marehemu mama yake.

Mahali fulani ndani ya kichwa chake palikuwa na mtu mdogo anayepiga kelele: sponji! Wanakaa sana! Breki alimsikia. Lakini hakujishughulisha naye, maana aliamini kwa moyo wote kwamba hajazidisha. Angezidisha, shati lingevutwa. Si Kaka yupo nyuma? Shati limetulia. Basi mambo ni shwari, tuendelee. Na akaendelea, mpaka akajisikia akisema, kwa sauti pana ambayo hakujua kama anayo:

"Waheshimiwa, mbao zetu za kwanza zililetwa kwa baiskeli ya kuazima..."

Akanyamaza. Akageuka taratibu kutazama nyuma.

Kaka alikuwa amelala. Alilala kama mtoto aliyeshiba, kichwa kwenye egemeo, mdomo wazi, na vidole vyake vilivyolegea bado vimeshika pindo la shati.

Breki akageuka mbele, na sasa akawaona wajumbe kwa mara ya kwanza tangu alipoanza kusema. Mmoja alikuwa akichora maua kwenye karatasi. Mwingine alitazama feni. Mhasibu kidevu kimegusa kifua, mikono imelala mapajani, anapumua kwa mluzi. Mama mwenyekiti pekee ndiye aliyekuwa akimtazama, kwa macho ya mtu anayesubiri mvua iishe ili avuke barabara.

"Umemaliza?" akauliza.

"Nimemaliza, mama."

"Umemaliza kabisa, au unamalizia?"

"Nimemaliza kabisa."

"Ahsante. Mtajulishwa."

Nje, kwenye ngazi, Breki alimkamata kaka yake mkono. "Umelala! Mtu nimekuweka breki, unalala!"

"Dawa za koo," Kaka alinong'ona. "Halafu, mdogo wangu... ulikuwa unaongea vizuri. Ulipofika kwa mama nikafumba macho nimsikilize vizuri."

"Miaka yote hii mimi nimewahi kulala nyuma yako?"

Kaka alifikiri. "Mimi huwa sichoshi," akasema.

Kule karakana mafundi walikuwa wameacha kazi wakiwasubiri. Breki alipita katikati yao, akaenda moja kwa moja kwenye ndoo ya maji, akanywa.

"Haya, yale mambo manne yamekwendaje?" Shangazi aliuliza.

"Nimeongeza kidogo."

"Kidogo cha kiasi gani?"

Breki akafuta mdomo kwa kiganja. "Nimefika kwenye baiskeli."

Hakuna aliyecheka. Kila mtu mle ndani alijua baiskeli iko wapi katika hotuba. Shangazi aliinamia cherehani yake, akaifunika kitambaa kama anavyofunika siku za sikukuu, mapema, na jua bado liko juu.

Usiku ule Breki hakumwambia mke wake neno. Mke wake, aliyekwisha kupata habari zote kwa Shangazi, alimwekea chakula akakaa naye, na hilo lilimuuma zaidi. Alipanga atakavyowaambia mafundi. Alijaribu kwa maneno machache, yakawa makavu kama tusi. Akaongeza mawili matatu ya kuwafariji, yakaanza kunoga, akashtuka, akaacha.

Kesho yake mama mwenyekiti alikuja mwenyewe, kwa miguu, miwani inaning'inia. Alikataa kukaa kwenye meza ya mbele. Akapita hadi nyuma, akasimama mbele ya Breki.

"Wewe bwana unaongea sana," akasema.

"Ni kweli, mama."

"Sijawahi kuona. Na mimi kazi yangu ni vikao."

Breki akaweka nyundo chini. Mafundi wote walikuwa wameganda. Akafungua mdomo aseme wale watu hawana kosa, kosa ni lake, lakini mama akamkata kwa mkono.

"Nyamaza kwanza, nakuomba. Nikikuacha uanze nitalala hapa. Sikiliza. Jana mlipotoka tulibaki kuamua. Tukarudi kwenye viti vya yule mwenzenu, maana ni laini, na kila mtu alikuwa upande wake. Kabla hatujafika mbali, huyu anajinyoosha, yule amesimama ukutani, mwingine mguu umekufa ganzi. Mtu amezama, kutoka mpaka avutwe. Ndipo mmoja akauliza, hivi kwa yule msemaji wa pili tulikaa muda gani? Tukatazamana. Hakuna aliyejinyoosha. Hakuna aliyeumwa. Yale maneno yote, bwana, na viungo vyetu viko salama. Na mhasibu alilala! Mtu yule tangu aumie mgongo hajapata kusinzia kwenye kiti, hata kwenye bajeti."

Breki akaokota kipande cha ile sponji ngumu, akakiminya tena kwa dole gumba.

"Ule ukumbi ni wa mikutano yetu," mama akaendelea. "Mikutano yetu unaijua. Inafanana na wewe. Kiti kinachoistahimili hotuba yako, sisi kitatuzika. Kazi ni yenu. Ila sponji iwe ileile, msije mkaleta nyingine."

Shangazi alipiga kigelegele kilichotikisa madirisha. Mama mwenyekiti akasubiri kipite.

"Na jingine. Siku ya kufungua ukumbi mtaalikwa wote. Mtakaa, mtakula, mtapiga makofi. Kusema, hapana. Wewe wala huyu wako wa mbele. Kamati imepitisha hilo bila kupingwa."

Akaondoka. Bwana Laini, aliyekuwa amesimama mlangoni kwake ng'ambo ya barabara akitabasamu kidogo kidogo, alimwona akipita mbele yake bila kugeuka, akaacha kutabasamu.

Jumamosi iliyofuata wakafanya kijisherehe pale karakana, mafundi na wenzi wao na watoto, kila mtu amekalia kiti cha mfano. Juma la daktari lilikuwa limekwisha. Kaka alivaa koti, akakohoa kujaribu sauti, akaikuta ipo, akasimama.

"Ndugu zangu. Wengine watasema ni bahati. Lakini siku ile dukani, nilipoitazama ile sponji ngumu, nilijiambia..."

"Muongo!" Shangazi alipayuka. "Ulikuwa unatoa pole!"

"Nilijiambia, hii ndiyo. Mfanyabiashara lazima aone mbali..."

Breki alikuwa amekaa mahali pake pa siku zote, pindo la koti mkononi. Safari hii hakuvuta mapema. Alimwacha kaka yake aione mbali hiyo, aizunguke, aipambe, mpaka alipomsikia akitaja baiskeli. Akavuta kwa mikono miwili. Kaka akaketi kwa kishindo, akapigiwa makofi, akafuta jasho, ameridhika.

Watu wakaanza kutazama sufuria.

Na Breki akajikuta amesimama. Hakuna aliyemwita.

"Jamani, mimi sina mengi," akasema. "Ni kuongezea tu pale alipoishia Kaka..."

Hakufika mbali. Kitu kilishika pindo la shati lake kwa nyuma, kikalivuta chini kwa nguvu za mtu aliyezoea kukamua nguo nzito. Akaketi. Akageuka, akamkuta mke wake kwenye kiti cha nyuma, ametulia kabisa, anatazama mbele kama hajui lolote.

"Bado sijaanza!" Breki akanong'ona.

"Najua, baba," mke wake akasema, bila kuachia shati.